Moto wa Shemeji

Kila Jumapili shemeji yangu hujifunga aproni na kusimama uani mbele ya jiko la mkaa kama daktari wa upasuaji. Kabla ya kugeuza nyama, lazima abane koleo hewani mara mbili. "Mtu asiguse!" hufoka, na wala hakuna aliyesogea. Dada yangu huwa ameshaichemsha nyama hiyo jikoni tangu asubuhi, kimyakimya, maana tulishawahi kulishwa mbichi. "Shemeji, leo umeua!" tunamsifu. "Siri ni moto," hujibu. Jumapili iliyopita dada alisafiri. Shemeji akaitazama nyama mbichi kwenye beseni, akalowesha kidole mate, akakiinua juu. Hakuna jani lililotikisika. "Leo hatuchomi," akatangaza, akivua aproni. "Upepo mkali."