Swali la Saba

"Hivi dada, ni kweli umekwenda mwenyewe ofisini kwenu ukajishtaki, au ni maneno ya watu tu?"

Aliyeuliza ni jirani, muuza mkaa, mikono kiunoni, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Alikuwa amevuka barabara kwa ajili ya swali hilo tu, wateja wake wawili kawaacha wanaitazama mizani.

"Ni kweli," alijibu Soma-Tena, huku anaanika shuka.

"Hukushikwa?"

"Sikushikwa."

"Wala hukuitwa?"

"Wala sikuitwa."

Muuza mkaa akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole, mwenzangu. Hata mwizi husubiri apigiwe kelele kwanza."

Akarudi kwenye mizani yake. Soma-Tena akabaki na shuka lake, na kicheko kikamtoka bila kupenda, kwa sababu muuza mkaa yule hakuwa mtu mbaya. Na kwa kweli, jambo lenyewe lilikuwa gumu kulieleza pale kwenye kamba ya nguo.

Soma-Tena alikuwa wakala wa bima ya maisha kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na mkoba mtaa kwa mtaa, dukani, karakanani, kwenye vibaraza vya watu, akiwauliza wenye afya zao kama wamewahi kufikiri siku watakapokuwa hawapo. Kazi hiyo inataka ulimi laini. Ukiingia vibaya unaonekana unamtakia mtu kifo.

Fomu ya bima ilikuwa na maswali kumi na mawili. Mengi ni mepesi: unaishi wapi, una watoto wangapi. La saba ndilo zito. Linauliza: je, unaugua, au umewahi kutibiwa, ugonjwa wowote wa kudumu? Mawakala wengine hawakulipenda, maana linachukua muda, linaleta aibu, na pengine linamkimbiza mteja. Kwa hiyo walikuwa na desturi yao. Walikaa na fomu nyumbani wakatia alama kwenye "Hapana" kuanzia juu mpaka chini, mteja akija anasaini tu. Wenyewe waliiita kupiga deki. Unapitisha mara moja, sakafu yote inang'aa.

Yeye hakupiga deki. Alisoma maswali yote kumi na mawili kwa sauti, hata kwa mteja msomi kuliko yeye. Akimaliza hufunga fomu na kusema, "Haya, sasa nieleze wewe. Umenunua nini hapa?" Mtu akibabaika, anaambiwa, "Soma tena." Hapo ndipo lilipotoka jina. Na akishaeleza sawasawa, yeye huandika maneno ya mteja, kama yalivyotamkwa, kwenye daftari lake la mistari, kila mteja ukurasa wake. Dereva mmoja wa lori alisema, "Nimenunua usingizi wa mke wangu." Likaandikwa. Kinyozi mmoja alisema, "Sijaelewa hata kidogo, ila wewe nakuamini." Huyo alirudishwa akafikiri, hakusaini mpaka wiki iliyofuata.

"Wenzako wanaleta wateja kumi," mume wake alikuwa akimtania, "wewe unaleta wanne na daftari."

Mume huyo alikuwa mlinzi, akastaafu kwa ajili ya mgongo. Mwaka mmoja mgongo ulimlaza hospitali wiki tatu, na Soma-Tena akawa analala kwenye benchi na kuamkia kwenye benchi. Mwisho wa mwezi ukafika, ofisini wakatangaza kwamba wakala asiyefikisha wateja watano atapunguzwa. Hakuwa na hata mmoja. Akaketi pale kwenye benchi la wodi, fomu tano mapajani, macho yamejaa mchanga wa usingizi, na mkono wake ukafanya kitu ambacho haujawahi kukifanya. Ukatia "Hapana" kutoka juu mpaka chini, mara tano.

Wateja wanne, Mungu ni mwema, alipokaa nao moyo ulimsuta. Akawasomea upya, akakata alama palipohitaji kukatwa. Wa tano alikuwa fundi makochi.

Yeye na fundi makochi walifahamiana miaka. Alimkuta ameinamia kochi, nyundo mkononi, misumari midogo imebanwa midomoni. Mke wake alikuwa pembeni, kwenye cherehani, anashona foronya za mito ya makochi, kwa sababu karakana ile ilikuwa ya wawili: mume mbao na sponji, mke nguo na uzi. Fundi akaitema misumari kiganjani.

"Hiyo ndiyo bima yenyewe? Lete nisaini."

"Nikusomee kwanza."

"Wewe si umesoma, dada? Nisome nini tena mimi? Labda uniambie kama imeandikwa nife lini, nikamalize hili kochi mapema."

Mke wake akacheka. Soma-Tena naye akacheka. Akatazama saa: muda wa kuwaona wagonjwa ulibaki nusu saa, na chakula cha mumewe kilikuwa kinapoa kwenye mkoba. Neno moja tu lilitakiwa, neno lile lile lililompa jina, na halikutoka. Fundi akasaini, gundi ya kidole ikabaki kwenye pembe ya karatasi.

Fundi alilipa mchango wake kila mwezi, hakuruka hata mmoja. Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha, alianguka juu ya kochi ambalo hajalimaliza, na hakuamka.

Siku arobaini na kitu baadaye mke wake alifika kwa Soma-Tena na barua ya kampuni.

"Nisomee, dada. Labda mimi sikusoma vizuri."

Akamsomea. Kampuni ilisikitika, lakini haiwezi kulipa. Kadi ya kliniki ilionyesha marehemu alitibiwa presha miaka minne kabla ya kujiunga, na kwenye swali la saba alijibu hapana. Marehemu alificha ugonjwa.

"Soma tena," alisema mjane.

Akasoma tena, sauti imepungua.

"Hapo kwenye 'alificha.' Alificha nini mume wangu? Vidonge vyake vilikaa dirishani, karibu na kopo la gundi. Kila aliyeingia karakanani aliviona. Wateja walikuwa wanamkumbusha, 'Fundi, umemeza?'" Akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Jana nimekwenda dukani kununua sukari, nyuma yangu mtu anasema, 'Ndiyo hayo, mficha maradhi kifo humuumbua.' Fedha ni fedha, dada. Nitashona, tutakula. Lakini wamemfanya mwongo, na yeye yuko chini, hawezi kujibu."

Soma-Tena alikuwa ameshajua. Alijua tangu neno "hapana" la kwanza, kama mtu anavyojua mshono wake mwenyewe. Angesema palepale. Hakusema. Alisema tu, "Niachie barua, nitaifuatilia," na mjane akamshukuru. Shukrani ile ilimchoma kuliko tusi.

Asubuhi, baada ya sala, alitoa madaftari chini ya kitanda akatafuta ukurasa. Akaupata. Juu yaliandikwa: Fundi makochi. Chini yake tarehe. Chini ya tarehe hapakuwa na kitu, mistari mitupu mpaka mwisho.

Mume wake alikuwa anakunywa chai, mto nyuma ya mgongo.

"Nilipiga deki," alimwambia. "Mara moja maishani mwangu, mwezi ule wa hospitali. Na ni yeye."

Mzee akaweka kikombe. Alikuwa anaijua kazi ya mkewe, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Ukisema, kibali cha kazi kinakwenda."

"Kinakwenda."

"Na binti yetu yuko chuoni, amebakiza mwaka mzima."

"Najua, baba. Nimehesabu mpaka nimechoka."

Kijiko kilikuwa ndani ya kikombe, mzee akakizungusha ingawa sukari ilishayeyuka zamani.

"Siku hiyo," akasema, "ndiyo niliyokuwa wodini. Ulikuwa unanikimbilia mimi."

"Nilikuwa nakukimbilia wewe, ndiyo. Lakini usijibebeshe. Mguu ulikuwa wangu na mkono ulikuwa wangu."

"Sijibebeshi. Nasema tu, kama ulinikimbilia mimi, leo mimi nitakusindikiza." Akaanza kutafuta fimbo yake. "Ila twende polepole. Ukijishtaki kwa mbio utasahau nusu ya makosa."

Walipitia kwanza karakanani, kwa sababu Soma-Tena aliona si haki mjane asikie kutoka ofisini. Akamwambia akiwa amesimama mlangoni. Hakupamba. Hakutaja benchi la hospitali. Mjane alikuwa na mkasi mkononi, kitambaa kimekatwa nusu. Akaumalizia mkato ule taratibu mpaka mwisho, akaweka mkasi.

"Nenda, dada," alisema. "Leo sitaki kukutazama."

Meneja wa ofisi alikuwa kijana ambaye Soma-Tena ndiye aliyemfundisha kazi, miaka ile alipokuja na tai ya kuazima. Alimsikiliza, akainuka akafunga mlango.

"Mama, tuzungumze kama mtu na mwanawe. Fomu ina sahihi ya mteja. Kampuni iko salama, wewe uko salama. Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ndiyo shida yenyewe hiyo, mwanangu. Hata yeye hakuna aliyemuuliza."

"Wanaopiga deki ni wangapi humu? Hata mimi nilipiga."

"Najua. Nilikuona nikakunyamazia. Nalo liandike, kama kuna nafasi."

Meneja alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. Akasema kwa sauti ya chini kwamba jambo likishaandikwa litapanda makao makuu, na likishapanda yeye hana uwezo wa kulishusha. Soma-Tena akaomba karatasi. Akaandika pale pale, kwa mwandiko wake wa shule ya msingi, mkubwa na wima: "Mteja hakuficha ugonjwa. Hakuulizwa. Aliyetia alama kwenye swali la saba ni mimi, kabla sijamwona." Akaweka na daftari, limefunguliwa kwenye ukurasa ule mtupu, pamoja na kurasa za jirani zake zilizojaa maneno. Meneja akazipindua moja moja. Alikaa muda mrefu kwenye ule wa dereva wa lori.

"Miaka ishirini na miwili," alisema, "na huu ndio pekee?"

"Huo ndio pekee. Na mtu aliyekuwemo alikuwa mmoja pekee vilevile."

Wiki saba zilipita. Hizo ndizo wiki ambazo muuza mkaa alivuka barabara. Ofisini wenzake walimnunia, kwa sababu makao makuu walituma watu kukagua fomu za kila mtu, na kila aliyekuwa na sakafu inayong'aa akaanza kutoka jasho. "Umetumwagia maji kwenye unga," mmoja alimwambia kwenye ngazi. Karakanani alipita kila Ijumaa bila kuingia. Cherehani ilikuwa inalia, ikimwona inanyamaza, akishapita inalia tena.

Kisha majibu yakaja, kwa barua mbili. Ya mjane ilisema kwamba wakala ni mkono wa kampuni, na kosa la mkono ni la mwenye mkono. Kwa hiyo atalipwa haki yake yote, na neno "alificha" limefutwa, na kampuni inaomba radhi kwa kulitumia. Ya Soma-Tena ilikuwa fupi zaidi. Kibali chake kimechukuliwa kwa miaka miwili. Meneja alimletea mwenyewe nyumbani, pamoja na daftari, akalikabidhi kwa mikono miwili.

Jioni Soma-Tena alipunguza kiasi cha sukari ya chai ya mzee, wakaandikiana na binti yao aliyeko chuoni, na binti akajibu kwamba ameshapata kibarua cha kuosha vyombo kwenye mkahawa wa chuo, wasilie. Walilia kidogo hata hivyo. Kisha mzee akauliza kama sasa atapata mke wa kukaa naye nyumbani au daftari litaendelea kumwoa, wakacheka mpaka mgongo wake ukalalamika.

Ijumaa iliyofuata hakupita. Aliingia.

Mjane alikuwa amelikalia lile kochi la mwisho, anashonea kitambaa cha mkono wa kulia. Alikuwa amelimalizia mwenyewe, misumari imepangwa si sawa sana lakini imeshika. Barua ya kampuni ilikuwa imebanwa ukutani kwa pini, mahali ambapo mteja yeyote akiingia ataisoma. Dirishani, karibu na kopo la gundi, pakiti ya vidonge ilikuwa bado iko.

"Fedha zimefika," alisema mjane bila kuinua macho. "Kama umekuja kushukuriwa, shukrani bado sijazishona."

"Sikuja kwa hilo."

"Nasikia kibali wamekuchukulia."

"Wamechukua."

"Sasa hilo daftari la nini? Si huna kazi?"

Soma-Tena alibaki amesimama, daftari kifuani, kalamu imechomekwa kwenye mafundo ya kilemba. Mjane akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mkasi. Alimtazama sana. Kisha akasogea upande mmoja wa kochi.

"Keti, basi. Unasimama kama mdai."

Soma-Tena akaketi. Kochi lilikuwa gumu kidogo, jipya, linanukia gundi. Akafungua ukurasa wenye jina na tarehe, akaulaza magotini, akaupapasa kwa kiganja mpaka ukatulia. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo, ile ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa.

"Naomba unieleze presha ilimwanza lini, na alikuwa anajisikiaje. Siku ile sikumuuliza. Naomba nimuulize leo kupitia kwako, na usiharakishe, mimi nina muda."