Saumu ya Nurdin

Kidawa, muuza vitumbua wa mtaa wa Mtanda, alikuwa na mtoto mmoja tu, Nurdin, mtu mzima aliyevuta unga mpaka akaezua bati za jiko la mama yake na kuziuza. Sasa alikuwa na nafuu. Kila asubuhi alikwenda kliniki kunywa methadoni, dawa ambayo serikali inawapa waraibu bure. Haichukuliwi nyumbani. Unainywa dirishani, unashushia maji, kisha unasema neno ili nesi ajue hukuificha mdomoni.

Ramadhani ilipoingia, Kidawa alimwamsha mwanawe kula daku. Mtaani walimwita teja. Alitaka wamwone amefunga kama watu.

"Na dawa, mama?"

"Si unainywa? Itakufunguza. Mwezi huu Mungu atakushikilia."

Siku ya kwanza ilipita salama, na jirani yake Bi Zuhura akamsifu. Siku ya pili, jua lilipopanda, Nurdin alianza kupiga miayo, jasho likamtoka. Arosto, mateso ya mwili uliokosa dawa. Kidawa aliijua kuliko alivyoijua homa. Nurdin akavaa ndala atoke, na Kidawa akajua anakwenda kutafuta unga.

"Nurdin, twende kliniki."

"Nimefunga."

"Nimekufungisha mimi. Twende!"

Bi Zuhura alikuwa barazani, amesikia yote. "Ehe! Chungu cha pili tu, kashashindwa?"

"Kashindwa nini, shoga? Mwanangu anaumwa, namwahisha dawa."

Hakuwahi kulitamka hilo mbele za watu.

Nesi Emerensiana alikuwa anakaribia kufunga dirisha. "Jana ulikuwa wapi, kaka?"

"Nilifunga."

Nesi akamgeukia Kidawa. "Shikamoo mama. Mimi Mkristo, siwezi kukufundisha dini yako. Ila wenzake walimuuliza shehe wao, akawaambia mgonjwa ana ruhusa. Huyu akizidi kukosa, tunamrudisha dozi ya chini, na wauza unga wanamsubiri hapo nje."

"Marahaba. Mpe, mwanangu."

Nurdin akanywa, akashushia maji.

"Haya, sema neno."

"Mama, mbona unalia wewe, na aliyefungua ni mimi?"

Nesi akacheka, akafunga dirisha.

Walirudi kwa njia ile ile, mbele ya baraza ile ile. Kidawa, naye akiwa na saumu yake, alimkorogea uji mchana kweupe, akaketi kumtazama mpaka alipomaliza bakuli.