Mrehani wa Mama Mkwe

Mama mkwe alipokwenda kulazwa kwa ajili ya macho, hakumwachia fundi funguo za kabati lake, wala hakumwachia redio. Alimwachia mrehani. Alisimama mlangoni na mkoba wake, mkono mmoja umetangulia mbele kama ilivyo kawaida ya mtu mwenye mtoto wa jicho pande zote mbili, akasema, "Nusu kikombe, kila baada ya siku mbili. Usizidishe." Kisha akatoka, akishikwa mkono na mwanawe.

Fundi, yaani mke wa huyo mwanawe, alikuwa ameishi katika nyumba ile miaka sita, akishona nguo za watu sebuleni, na kwa miaka yote sita hajawahi kukabidhiwa kitu na mama yule. Akipika, mama alionja na kuongeza chumvi. Akifua, mama alisuuza upya. Hata gauni alilomshonea, tena kwa kitambaa cha kujinyima, mama alilifumua pindo akalikunja mwenyewe kwa kupapasa tu, na kusema kweli pindo lile lilinyooka kuliko la mwanzo. Mrehani ulikaa dirishani, hatua mbili kutoka kwenye cherehani, kwenye chungu cha plastiki kilichotumbukizwa ndani ya bakuli la bati. Kila asubuhi mama alikuja kuchuma jani moja, akalisugua kwa vidole, akalinusa, na hapo ndipo siku yake ilipoanza. Kabla ya jani hilo, wenye akili hawakumsemesha.

Siku tano za kwanza mambo yalikwenda sawa. Siku ya sita majani yakalegea. Siku ya saba yakaning'inia kama nguo mbichi kwenye kamba. Mtu yeyote mwenye macho angesema mmea ule una kiu, na fundi macho alikuwa nayo. Akautia nusu kikombe ambacho hakikuwa cha siku hiyo. Hali ikawa ileile, akautia kingine. Ulipozidi kuinama akaingiwa na woga, akaacha kuutia maji kabisa, akabaki kuutazama.

Habari za hospitalini nazo hazikusaidia. Wifi yake, ambaye alipita kila mchana akitoka kumwona mama, alileta neno moja tu kila siku: sukari imepanda, na madaktari hawatagusa jicho mpaka ishuke. Mume, mwoka mikate ambaye huondoka nyumbani alfajiri, akisimuliwa jioni aliitikia "haya" na kwenda kulala. Fundi alishona roho mkononi. Sindano ilimchoma mara mbili ndani ya wiki, jambo lisilomtokea tangu siku za kujifunza. Kichwani mwake mambo mawili yalikuwa yameshikamana: mrehani ukifa, basi na mama naye. Hakulimaliza wazo hilo. Alijua ni upuuzi, na upuuzi huohuo ulimkosesha usingizi na hamu ya kula.

Jumatano alikuja mtunza bustani wa shule kupunguziwa suruali. Alikuwa amesimama juu ya kigoda, pini zimemjaa miguuni, macho yake yakaenda dirishani. Akashuka bila kuambiwa, akachomeka kidole kwenye udongo, akakinusa.

"Dada, huu hauna kiu," akasema. "Huu unazama."

Fundi akamweleza kwamba ana siku tatu hajautia hata tone. Mtunza bustani akanyanyua chungu. Maji yalifika nusu ya bakuli. Akamfahamisha kuwa mizizi ikikaa majini huoza, na ikishaoza haiwezi kunywa, kwa hiyo majani hulegea vilevile kama ya kiu. Watu wakiona hivyo huongeza maji, na hapo ndipo huumalizia mmea. Kisha akapanda tena kigodani, pini zikimdunga.

"Kama si wewe," akasema, "basi kuna mtu anakusaidia."

Neno hilo lilimkaa fundi moyoni. Akamwaga maji yale, akauacha mrehani uchuruzike mpaka jioni, halafu akatandika ndani ya bakuli kipande cha pamba nyeupe, mabaki ya shati la mteja. Asubuhi, mume akiwa ameshaondoka, akakigusa. Kimelowa chapachapa. Akatandika kingine kikavu. Mchana wifi alipoaga, nacho kilikuwa kimelowa vilevile.

Hasira ikampanda. Jioni aliwakalisha wote wawili na kuwawekea vile vipande juu ya meza ya kukatia. Wifi alikiri upesi: aliona umelegea, akadhani fundi amezidiwa na kazi akausahau, hakutaka kumwaibisha. Na upesi uleule akatoa dawa. Sokoni mirehani imejaa, wanunue mwingine wa kimo hicho.

"Mama haoni," akasema. "Atajuaje?"

Tusimsingizie fundi utakatifu. Kwa dakika nzima alikubali moyoni, na akawa ameshachagua hata kibanda cha kwenda kununua. Kisha akavikumbuka vile vidole vilivyogundua pindo lililokwenda upande. Shina ambalo vilikuwa vikilishika kila asubuhi vingelisahau kweli? Akatikisa kichwa.

Mume akakishika kipande kimoja cha pamba. Unga wa ngano ulikuwa ungali masikioni mwake.

"Nautia maji kila alfajiri tangu alipoondoka," akasema. "Kule hospitalini hakuna ninachoweza kumfanyia. Hapa angalau kuna kikombe." Akamgeukia fundi. "Naogopa, mke wangu."

Neno hilo fundi hakuwahi kulisikia kinywani mwa mumewe. Hasira ikamwishia palepale. Hofu ilibaki, ila sasa hakuwa nayo peke yake.

Wakautoa mrehani kwenye chungu juu ya meza ileile. Udongo ulinuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa. Mizizi mingi ilikuwa ya kahawia, ikikatika kwa kuguswa tu. Fundi akaomba mkasi mdogo wa nyuzi, maana ule mkubwa wa vitambaa haukati kitu kingine hata nyumba iungue, akakata uozo mpaka akafika kwenye mizizi myeupe. Hakuwa na hakika na lolote. Akapunguza karibu majani yote ili mizizi iliyobaki isilemewe. Vichipukizi vitatu vilivyokuwa na uhai akavitia kwenye glasi ya maji. Shina likarudi kwenye udongo mpya, chungu kikaongezwa matundu, bakuli la bati likarudishwa jikoni. Mume akakichukua kile kikombe, akampa mkewe.

Sukari ilishuka baada ya siku sita. Siku ya nane mama alirudi, jicho la kulia limefunikwa, la kushoto bado na ukungu wake. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja dirishani. Wifi akatazama sakafu.

Vidole vikapanda shina lililo uchi, vikafika kwenye majani mawili madogo yasiyozidi ukucha, vikasimama hapo.

"Mama, ulizama," fundi akasema kabla ujasiri haujamtoka. "Tuliutia maji sote watatu, kila mtu kwa siri yake. Mizizi ilioza, nikaikata. Vichipukizi niliviweka kwenye glasi. Viwili vimetoa mizizi. Cha tatu kimekufa."

Mama alilisugua jani moja bila kulichuma, akanusa kidole.

"Aliyekata ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Ukabakiza nini?"

"Mizizi myeupe tu."

Mama akaketi. Mwanawe akauliza kama anataka maji. Binti yake akauliza kama anataka chai, au mto, au shuka. Mama akainua mkono, wakanyamaza. Akapekua mkobani, akatoa kichupa cha dawa ya macho, akakinyoosha kule ilikotoka sauti ya fundi.

"Tone moja, mara nne kwa siku," akasema. "Utanitia wewe. Na hawa wawili wasikisogelee."

Fundi alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka kwenye droo ya cherehani, akaifunga kwa ufunguo.