Ua Jeupe kwenye Trei ya Kushoto

Wenzake walimwita Mama Lebo, kwa kuwa hakuna mche uliokaa kwenye banda lake la utafiti bila lebo. Asubuhi moja, akimwagilia, aliona kitu kilichomkata maini. Mimea iliyobadilishwa jeni ili maua yake yakose rangi ilikuwa imechanua zambarau, na ile ambayo haikuguswa, kwenye trei ya kushoto, ilikuwa na ua jeupe.

Alielewa papo hapo. Wiki sita nyuma, siku aliyopigiwa simu kwamba mama yake ameanguka, yeye ndiye aliyechomeka lebo za trei hizo mbili. Alizipishanisha. Majani yalikuwa yameshapimwa kiasi cha rangi, na yale yenye lebo ya kubadilishwa jeni yakakutwa nayo; sasa hivi daktari wa utafiti alikuwa chumba cha pili akiwaeleza wageni kwamba jeni ile haihusiki na rangi hata kidogo.

Kuzirudisha lebo kimyakimya ni kazi ya dakika moja. Mkono wake ulishashika ya kwanza. Akaiachia, akaenda kugonga mlango.

"Samahani, daktari. Matokeo hayo si sahihi. Nilichanganya lebo."

Daktari, kijana wa rika la mwanawe, aliweka kalamu chini. "Mama, una uhakika?"

"Maua yamefunguka. Njoo uyaone mwenyewe."

Alipoyaona alishusha pumzi, akarudi kuwaambia wageni kwamba majani yatapimwa upya.

Barua ya onyo Mama Lebo alipewa, akaisaini. Lakini majani yalipopimwa upya na jeni ikaonekana inahusika kweli, mtu wa kwanza kupigiwa simu na daktari alikuwa yeye.