Dawa ya Kipa wa Kidahwe

Naona aibu hata kuandika, lakini kwa kuwa mtaani kwetu Kasingirima wote wanaisimulia wanavyotaka wao, bora muisikie kwangu mimi niliyeifanya.

Tulikwenda kijiji cha Kidahwe kucheza ndondo, mpira wetu wa mitaani, na golini kwao tukamkuta Mjerumani, Matiasi, mgeni wa Mwalimu Neema wa shule ya pale, kijana mrefu kama nguzo ya umeme, alitusimulia kwamba kwao Ujerumani ni kijiji kidogo chenye kanisa moja na uwanja mmoja, na Jumapili muoka mikate na dereva wa trekta wanacheza timu moja na yeye ndiye kipa wao (niliipenda sana habari hiyo, nikajiona niko huko nafunga magoli huku ng'ombe wananitazama). Basi, kabla mpira haujaanza akafunga kifuko cha bluu kwenye nyavu, akatuambia kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Bila dawa yangu, mimi siwezi kudaka."

Mmesikia? Dawa! Kasema mwenyewe!

Kipindi cha kwanza akadaka kila kitu, mpaka shuti langu la hatua tatu tu kutoka golini. Mapumziko, kapteni wetu Ramso akaninong'oneza, "Dogo, kumbe Wazungu nao wanaroga?" Mimi, kwa kiherehere changu, nikamwambia niachie. Nikasubiri akihamishie goli la pili na kwenda kunywa maji, nikakichomoa kile kifuko, nikaingia nacho kwenye shamba la mihogo, na bila kukifungua (kitu cha namna hiyo hakichunguliwi, unaweza kupofuka) nikakikojolea, maana kila anayecheza ndondo anajua mkojo ndio unaovunja ndumba.

Kipindi cha pili upepo ukaleta vumbi, Matiasi akaanza kukohoa, akainama, nami nikapiga mpira ukampita pembeni taratibu mpaka wavuni. Ramso akanirukia mgongoni, "Imeisha nguvu! Dogo, imeisha!" Tukacheza, tukaimba, ndipo nikageuka nikamwona kipa bado yuko chini, midomo imebadilika rangi, anapapasa nyavu, "Dawa... dawa..."

"Ana pumu!" Mwalimu Neema alipiga kelele akija mbio. "Kifuko chake cha dawa ya kuvuta kiko wapi?"

Jamani. Nikamwona mama yake kule Ujerumani akiletewa habari, nikamwona na mama yangu akiniletea chakula gerezani. Nikakimbilia mihogoni huku nalia, nikarudi nacho kinachuruzika, nikafumbua mdomo kusema subirini kwanza nikakioshe, lakini Mwalimu alishaninyang'anya, akatoa kichupa, na Matiasi alishakitia mdomoni, akavuta mara moja, mara mbili. Hata mimi nilisahau kuvuta pumzi.

Akafumbua macho. Akanishika mkono, "Asante, rafiki, umeniokoa." Halafu akalamba midomo. "Lakini... mbona ina chumvi?"

Ningeweza kunyamaza. Moyo ukanikatalia, nikasema yote mbele ya watu, na wa kwanza kukaa mbali nami alikuwa Ramso. Matiasi alinitazama, akanitazama, kisha akacheka mpaka akaanza kukohoa tena, nami nikamsogezea haraka kile kichupa.

Sasa mtu akinitajia dawa, nauliza kwanza: ya kunywa, ya kuvuta au ya kuroga? Na haja ndogo, hata inibane vipi, naisubirisha mpaka nifike nyumbani.