Herufi Moja ya Jina Langu

Redio ikipiga wimbo wa taifa alfajiri, magoti yangu huanza kuwasha. Msinielewe vibaya, nchi hii naipenda. Kinachonikera ni changarawe za uwanja wa shule yetu pale Kawajense, Mpanda, nilizozipigia magoti nikiwa darasa la tatu, miaka ya tisini mwanzoni.

Nilizaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Siku hiyo watu wote walikuwa mashambani wakivuna maharage, mama akajifungua peke yake. Akaniita Habonimana, yaani Mungu ndiye aonaye, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuona. Imana ni Mungu kwa Kirundi. Nilipofikia umri wa shule, shangazi yangu alinichukua nikaishi naye mjini, na sote wawili hatukuwa na kibali cha kutoka makazini.

Kila asubuhi tulipanga mstari, bendera ikapandishwa, wimbo wa taifa ukaimbwa, kisha mwanafunzi mmoja akasali kwa niaba ya wote, Waislamu na Wakristo. Wimbo wenyewe ni sala, ukiusikiliza vizuri. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nikafumba macho, na kwa woga likanitoka neno la nyumbani: "Ee Imana, ilinde shule yetu."

Mwalimu wa zamu, Mfipa mmoja aliyekuwa akinyoosha suruali zake kwa pasi mpaka unaogopa kumgusa, akanikatiza.

"Imana ndiyo nini? Hapa Tanzania Mungu anaitwa Mungu."

"Ni huyo huyo, Mwalimu."

"Basi mwite kwa jina lake. Na wewe hilo jina lako halitamkiki. Kuanzia leo ni Imani."

Akalikata jina langu mbele, na nyuma akabadilisha herufi moja. Wenzangu wakacheka, nami nikapigishwa magoti chini ya bendera mpaka kengele ya kuingia darasani. Nyumbani nililia kwa hasira, nikamsihi shangazi aende shuleni kunidaia jina langu. Alifunga mlango kwanza.

"Nyamaza, mwanangu. Unataka wajue tumetoka kambini bila kibali?"

Toka siku hiyo hata yeye akawa ananiita Imani.

Kabla mwaka haujaisha, mama mzazi wa yule mwalimu alifariki, shule nzima ikaenda msibani. Sisi wasichana tulibeba maji. Jeneza lilipoteremshwa, bwana wa suruali za pasi alipiga magoti kwenye udongo mbichi, akalia kwa Kifipa, "Leza, Leza wangu." Leza naye ni Mungu. Nilisubiri mtu amuulize Leza ndiyo nini. Mwalimu mkuu alikuwepo, viongozi wa kata walikuwepo. Walivua kofia zao, wakainamisha vichwa. Baada ya maziko nilimmiminia maji anawe mikono, akaniambia kwa upole kabisa, "Asante, Imani." Nilitamani kumpiga kwa ile ndoo ya maji.

Watu huniambia eti Imani ni jina zuri, na kwamba mwalimu alinitendea wema. Nikisikia hivyo hasira inanipanda upya. Darasani tulikaririshwa kwamba nchi haina dini na sote ni ndugu, kwa hiyo utotoni nilidhani kosa langu lilikuwa la lugha, kwamba ningejua Kiswahili vizuri zaidi yasingenikuta. Ukubwani ndipo nilipoelewa. Leza alikuwa na kwao hapa, Imana akahesabiwa mgeni, ingawa Mungu mwenyewe ni mmoja na sote tulimlilia kwa machozi.

Mama alihamia kwangu mjini uzeeni, na hapo ndipo alipofia. Kwa kuwa kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto, mtaa mzima ulimjua kama Mama Imani, na ndivyo alivyotajwa siku ya kumzika, katika sala zote, mbele ya watu wote. Hakuwahi kuzaa mtoto wa jina hilo.