Jani Chini ya Kifuniko

Mdogo wangu alipojifungua Dar es Salaam, mama alikuwa na goti bovu. Kwetu Kibosho mzazi hulelewa na mama yake: hashiki jembe, haendi kuchota maji, kazi yake ni kunyonyesha na kula mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi, wenye samli. Goti lilikataa safari, basi mama akaamua samli iende badala yake. Aliipika mwenyewe, akaijaza kwenye chupa ya kioo iliyowahi kuwa ya jemu, akaifunga kwa kifuniko cha plastiki. Mimi ninayeishi Njoro, huku chini mjini, nikaipokea na kuipeleka kwenye basi.

Chupa ya kwanza ilivuja. Mdogo wangu alinipigia simu akiongea chinichini: nusu ya samli imeishia kwenye begi, juu ya nguo za mtoto, ila ameshamwambia mama kwamba imefika salama, na mimi nisije nikaropoka. Chupa ya pili ikavuja vilevile, naye akadanganya vilevile.

Mimi ni fundi cherehani. Kitu kisichokaa sawasawa kinaninyima raha. Nikiona kanisani mtu kashonewa bega vibaya, mahubiri yote yananipita. Sasa hapa kuna chupa na kifuniko, vitu viwili tu, na vimetushinda. Nilianza kwa kuudhika, nikaishia kutaka kujua.

Sokoni Kiboriloni kuna mama anayeuza chupa tupu upande mmoja na vifuniko upande wa pili. Aliniapia kwamba vyote ni saizi moja. Nikakaa juu ya ndoo yake nikavijaribu kimoja kimoja. Saizi moja iko wapi? Kimoja kilishika mapema kikagoma, kingine kilizunguka wee bila kukaza, cha tatu kilibana upande huu kikainuka upande ule. Nikajifunza kupapasa kwa kidole ile mistari inayozunguka mdomo wa chupa. Nikajifunza pia kwamba ukikirudisha kifuniko nyuma kidogo kwanza, unakisikia kinadondoka mahali pake, na hapo ndipo pa kuanza kukaza. Yule mama aliniuliza kama nanunua au nafanya mtihani. Nilinunua vifuniko vitatu na chupa moja, kwa aibu.

Nyumbani niliijaza chupa ile maji, nikafunga, nikailaza juu ya gazeti huku nashona sketi. Sketi ikaisha, gazeti kavu. Nikachukua chupa na kifuniko cha mama, ambavyo mdogo wangu alikuwa amevirudisha, nikavijaribu hivyohivyo. Gazeti kavu tena. Hapo nikazidi kunogewa. Kama kifuniko hakina kosa, basi kosa liko Kibosho.

Nikapanda kwa mama, nikamwambia nataka kujifunza kupika samli. Alinitazama sana, maana tangu usichana wangu nilikuwa naukimbia moshi wa jiko lake. Akachemsha siagi mpaka povu likatulia, akachuja, akajaza chupa. Kisha akanituma jani la mgomba. Akalipitisha motoni mpaka likalegea na kunukia, akalitandaza juu ya mdomo wa chupa, akabana kifuniko juu yake kwa nguvu zote, samli ikiwa bado ya moto. Bibi alikuwa akiziba kibuyu hivyo, na mama hakuwahi kuona sababu ya kuacha.

Nikaielewa siri yote pale pale. Jani lilikuwa limejikunja chini ya kifuniko, na kila kunjo lilikuwa mfereji mdogo. Plastiki nayo ikibanwa ikiwa ya moto hutanuka, ikipoa haishiki tena mpaka ikazwe upya. Kibosho huwezi kujua, kwa sababu kwa baridi ile samli huganda ikajiziba yenyewe. Huyeyuka ikifika kwenye joto la Dar, ndani ya begi.

Nilifurahi kama niliyeokota kitu cha thamani, ila sikuthubutu kumwambia mama. Nilipofika Njoro nilifungua chupa, nikatupa jani, nikafuta mdomo ukakauka, nikafunga kifuniko kipya juu ya samli iliyokwisha kupoa. Ikafika Dar bila kumwagika hata tone. Nikakaa kusubiri sifa.

Mdogo wangu alipopiga simu alinishukuru kwanza.

"Dada, hii amepika mama kweli?" akauliza. "Mbona haina harufu ya kwetu?"

Alikuwa analia, na alikuwa anaona aibu kulilia samli. Mimi niliumia kuliko yeye, maana harufu ya kwetu niliitupa kwa mkono wangu kwenye ndoo ya takataka.

Kesho yake nilipanda tena. Nilimwamkia mama, nikamweleza kila kitu, kuanzia nguo za mtoto hadi jani nililolitupa. Hakunigombeza, na nilitamani angenigombeza. Aliuliza tu ni chupa ngapi zilizovuja. Nikasema mbili.

Akainuka na goti lake, akapika nyingine. Safari hii jani alilizamisha ndani ya samli ya moto, akaliacha humo mpaka tulipomaliza chai, ndipo akalitoa. Samli ilipopoa akafuta mdomo wa chupa kwa pindo la khanga, akanisukumia kifuniko nifunge mimi. Nikakirudisha nyuma kidogo, kikadondoka mahali pake, nikakaza.

Nilidhani tumemaliza. Mama akaisimamisha chupa kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu. "Hii ndiyo Dar," akasema. Samli ilipoyeyuka yote, akaifuta chupa, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaketi, akailaza chupa mapajani. Tulikaa hivyo muda mrefu, yeye akiigeuza polepole, mimi nikikitazama kitenge. Kilibaki kikavu.

Akanikabidhi chupa.

"Mwambie mwenzako asinidanganye tena," alisema. "Siku zote hizo nilikuwa nalala nikijua ameshiba."